Wameniandika "Hakumaliza": uzoefu wangu na nusu marathoni ya mtaani

Nianze na lililoniuma, mengine yatajileta yenyewe.

Siku moja au mbili baada ya mbio nilifungua orodha ya matokeo kwenye simu. Nikashuka na kidole gumba, nikashuka, nikawapita ninaowajua na nisiowajua, mpaka chini kabisa nikakutana na jina langu. Mbele yake hakuna saa wala dakika. Kuna neno moja, tena kwa herufi kubwa: HAKUMALIZA.

Mimi sikumaliza? Basi hizi kucha mbili za miguu zilizogeuka nyeusi nilizipatia kitandani?

Kwa hiyo anayeuliza kama ajiandikishe mwakani, jibu langu ni asijiandikishe. Nyota moja. Ila asome mpaka mwisho, kwa sababu jana niliweka nyota mbili, nikazifuta, na sijui kesho nitaamkaje.

Mbio hizi nimezikimbia miaka mingi. Hii ilikuwa ya saba au ya nane, hesabu imenipotea. Sijawahi kuwa na kasi na wala sijawahi kudai ninayo. Mimi ni wa dakika nane na ushei kwa kilomita, basi. Tangazo lao lilisema kikomo ni saa tatu tangu mlio wa bastola. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Ukigawa kwa saa tatu unapata dakika 8 na sekunde 32 kwa kila kilomita. Hesabu hiyo niliifanya kabla ya kulipa ada. Sisi wa nyuma ndio tunaosoma masharti, wale wa mbele wanasoma zawadi.

Wa mbele siwasemi vibaya. Kuna watu duniani wanaomaliza umbali ule ule kwa chini ya dakika 60, na ukiwaona wakikupita upande wa pili wa barabara wanarudi, wakati wewe hata nusu hujafika, unasahau maumivu yako kidogo. Hawatoi hata sauti ya viatu. Lakini wale wakishafika ni picha, medali, wamekwenda. Kule nyuma ndiko kwenye watu.

Kuna jamaa kila mwaka hujipenyeza mstari wa mbele kabisa, bega kwa bega na wale wembamba wenye kaptura fupi. Bastola ikilia anatoka kama anamfukuza mwizi. Kwenye kilomita ya tatu tunamkuta kachuchumaa pembeni anafunga kamba za viatu. Mwaka wa kwanza niliamini ni kamba.

Kuna dada wawili wanaosimuliana kisa kimoja tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho, na pumzi haziwaishi. Mwaka fulani nilijikaza kilomita nne nzima wasiniache, si kwa ajili ya muda, nilitaka kujua kama yule mume alirudi. Kwenye mlima wakanitoka. Hadi leo sijui.

Kuna kijana anayekimbia pekupeku, watu wanamwita Bikila, kwa heshima ya Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Huyu wetu hajawahi kushinda kitu, ila nyayo zake ni ngumu kuliko soli zangu.

Na kuna Babu. Umri wake hautaji, ukimuuliza anakuambia namba yake ya kifuani. Babu aliwahi kusaidia kupima njia ya mbio hizi, na jambo hilo hajawahi kumwacha mtu amalize kilomita ya kwanza bila kulisikia. Njia haipimwi kwa gari wala kwa simu. Inapimwa kwa baiskeli yenye kidude kidogo kwenye gurudumu la mbele kinachohesabu mizunguko, na baiskeli yenyewe lazima kwanza ipitishwe kwenye mstari ambao urefu wake umepimwa kwa futi kamba ya chuma. Mpimaji hufuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kupita, anakata kona sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Halafu kwa kila kilomita inaongezwa mita moja, ili njia isije ikapungua hata kidogo. Ndiyo maana kila mwaka wenye saa za mkononi wanapiga kelele pale mwisho kwamba njia ni ndefu, saa zao zimeonyesha 21 na nusu, na kila mwaka Babu anawajibu: "Wajukuu zangu, ninyi mlikuwa mnazunguka kona, mimi nilizikata."

Nimelileta hilo la Babu kwa sababu litarudi.

Sasa siku yenyewe. Bastola ililia saa 12:00 kamili asubuhi. Tulikuwa wengi, nikasogea kwa hatua za kupanga foleni, mpaka nakanyaga mkeka wa kuanzia zilishapita dakika nne hivi. Hilo halina shida, ndiyo kazi ya chipu, inakuhesabia muda wako tangu ukanyage mkeka. Ile chipu ya kufunga kwenye kiatu haina betri. Mkeka ndio wenye antena, ukiukanyaga mawimbi ya redio yanaiamsha, nayo inataja namba yake. Ina maana pia kwamba pasipo mkeka, umefunga kipande cha plastiki kwenye kamba ya kiatu.

Kilomita ya 16 nilikuta meza za maji zimekunjwa. Barabara nzima vikombe vimekanyagwa chapachapa. Fikiria: anayekimbia saa moja anakuta maji kila kituo, na anayekaa barabarani saa tatu, jua likiwa limeshapanda, anakuta vikombe vitupu. Nilikuwa nimeanza kuwaka. Ila pale pale, juu ya kreti, alikuwa amekaa binti mmoja wa kujitolea, hana hata meza, kabana chupa tatu kati ya miguu yake. Akanipa moja. Nikamuuliza mbona hajaondoka na wenzake. Akasema alihesabu namba zilizopita, akajua bado kuna watu. Binti huyo nyota tano, na kama kuna sita, sita.

Kona ya mwisho ukiikata unaliona lango, lile la kujazwa upepo. Mwaka hata mwaka, lango lile ndilo linalonivuta mita mia mbili za mwisho. Safari hii nilikata kona nikaliona linainama. Nikadhani ni macho yangu, jasho lilikuwa limeingia. Sivyo. Mashine ya upepo ilikuwa imezimwa, na lango lilikuwa linakwenda chini taratibu, kwanza mabega, kisha likapiga magoti barabarani. Vijana wawili walikuwa wanakunja mkeka wa muda. Saa kubwa ilikuwa imelazwa kifudifudi ndani ya gari.

Nikatoa simu kwenye mkoba wa kiunoni. Saa 2:55.

Kijana mwenye kipaza sauti, wa ile vesti inayong'aa, akaninyooshea mkono. "Mama, pita pembeni, gari linarudi nyuma."

"Mwanangu, mimi ni mkimbiaji. Namaliza."

Akaniangalia kifuani kwenye namba, halafu usoni. "Mbio zimeisha, mama. Wenzako wameshaoga."

"Kikomo ni saa tatu kamili. Sasa hivi ni saa tatu kasoro dakika tano."

"Sasa mama, tukae wote hapa tumsubiri mtu mmoja? Naomba chipu."

Wenzako wameshaoga. Nimelirudia neno hilo nikiosha vyombo, nimelirudia nikiwa kitandani. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Chipu imefungwa kwenye kamba, kamba imelowa jasho, fundo limekuwa jiwe. Nikakaa chini barabarani. Mikono ilikuwa inatetemeka, si kwa hasira bado, ni ule mtetemo wa kilomita 21. Yeye kasimama juu yangu, kiganja kimefunguka, macho kwenye simu yake. Hakuinama. Mwisho nikavua kiatu chote, nikakata kamba kwa meno, nikampa. Hata pole hakuna, hata ile ya mdomoni.

Wanawake wa mbio wanamjua Kathrine Switzer, yule wa marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 1967, aliyekuwa na namba 261. Mwandaaji alimrukia njiani akitaka kumnyang'anya namba kwa sababu ni mwanamke, naye akaendelea mpaka akamaliza. Nilimfikiria pale chini. Lakini aliyemvamia yeye alikuwa na hasira naye, maana yake alimwona. Huyu wangu hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa anakusanya vyombo.

Nikageuka nyuma, na Babu huyo anakata kona.

Hatua zake ni fupi, kama mtu anayejaribu kina cha maji. Nyuma yake hakuna mtu. Mbele yake hakuna lango, mkeka wala saa, kuna lori linalorudi nyuma na mimi mwenye kiatu kimoja. Sijui nilifikiria nini. Nilivua na kile cha pili, nikaweka kimoja upande huu wa barabara na kingine upande ule, nikasimama na soksi pembeni na simu mkononi.

Babu akafika. "Mstari uko wapi?"

"Hapo Babu, kati ya viatu."

Akapita kati ya viatu wala hakusimama. Akaendelea mbele hatua nane au tisa, anatazama chini kama aliyedondosha ufunguo, akafika kwenye doa la rangi karibu na mfereji. Akalikanyaga kwa mguu wa kulia. "Mstari ni hapa. Msumari wa mpimaji uko hapa, kwenye lami. Saa ngapi?"

"Saa 2:59."

"Basi nimemaliza." Akaniangalia miguuni, kisha akaangalia viatu vyangu. "Na wewe? Mbona umesimama huko?"

Nilikuwa sijavuka. Yule kijana alinisimamisha kabla ya mstari na mimi kwa hasira zangu nikakaa chini hapo hapo. Kwa dakika nne nzima nilizomtetea mkimbiaji aliyemaliza, mkimbiaji mwenyewe alikuwa hajamaliza. Ikabidi niende, soksi juu ya lami ya moto, nikakanyage doa la Babu. Kama ilikuwa bado 2:59 au ilishageuka, sikuangalia simu. Sitaki kujua.

Kwa hiyo mkitaka haki kabisa, lile neno lao lilikuwa kweli kwa dakika nne. Nakubali. Halafu nakasirika upya, kwa sababu wao hawakujua hilo. Wao waliandika tu kwa kuwa mkeka ulikuwa umekunjwa. John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafika zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ukifungua kumbukumbu unamkuta: nafasi ya 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na muda wake umeandikwa mpaka sekunde. Kuna mtu alibaki pale na saa. Sisi ndani ya kikomo walichokitangaza wenyewe tumekosa mtu wa kubaki dakika tano.

Nikawaandikia. Barua ndefu, yenye adabu, nilimpa binti yangu aisome kwanza akanipunguzia maneno mawili. Sikujibiwa. Kilichokuja, jioni ile ile, ni ujumbe wa mashine: hongera kwa kumaliza, tafadhali tupe maoni yako. Ndiyo haya.

Babu hawakumwandika hata hilo la "hakumaliza". Chipu yake hawakuwahi kuichukua, lori lilishaondoka. Ameitundika kwenye funguo za nyumba, na akikutana na mtu sokoni au njiani anaitikisa.

Nyota moja inabaki kwa waandaaji. Kwa mbio zenyewe sijui niweke ngapi, maana kumbe si kitu kimoja. Wale dada wawili nilikutana nao wiki iliyopita, wakaniuliza kama nakuja, nikasema siji, nimekoma. Mmoja akasema ni bahati mbaya, kile kisa cha mume kina sehemu ya pili.

Nimejiandikisha juzi usiku. Nimenunua na chaki, ile nene nyeupe. Babu amesema atanionyesha msumari vizuri kabla bastola haijalia.