Mimea ya bustani kwa mtu asiye na muda: upi ununue kwanza

Muuzaji wa miche akikuambia "huu haufi", muulize haufi wapi. Mmea unaostawi penye jua kali utaoza mizizi penye mvua za mfululizo, na penye barafu ya alfajiri hautamaliza msimu. Kabla ya kutoa pesa, jua kiwanja chako kinapata jua kwa muda wa saa ngapi kwa siku, ukame hudumu miezi mingapi, na kama maji hutuama. Hilo la mwisho lipime: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, ulitazame kesho yake. Ukikuta maji bado yamo, panda kwenye tuta au chungu.

1. Bogenvilia. Kwa sehemu za joto sioni mshindani. Yale tunayoyaita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Inataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku, basi. Yangu niliimwagilia kila jioni mwaka mzima nikaambulia kichaka cha kijani. Nilipoisahau ndipo ikachanua. Maji mengi na mbolea yenye naitrojeni huzidisha majani, si rangi. Ina miiba, kwa hiyo iwe mbali na njia ya watoto, na ipogoe baada ya kuchanua.

2. Mshubiri, au alovera. Huweka akiba ya maji ndani ya majani na hufungua matundu madogo ya majani, ya kupitishia hewa, usiku, jua likiwa halipo la kunyonya maji hayo. Ukifa, mara nyingi umekufa kwa maji, si kwa kiu. Nunua mmoja tu: utazaa vichipukizi pembeni hadi uanze kuwagawia majirani. Penye baridi kali ukae kwenye chungu, uingie ndani.

3. Mchaichai. Mzuri penye joto na mvua. Shina moja lenye mizizi huwa kichaka cha kugawanya. Kiangazi kirefu huukausha, ndiyo maana hauko juu zaidi.

4. Rozimari na lavenda. Asili yake ni ukanda wa Mediterania, zinapenda kiangazi kikavu na udongo usioshika maji. Hewa ya unyevunyevu huzichosha. Usikate lavenda hadi kwenye shina gumu la zamani lisilo na majani, haichipui tena kirahisi.

Waridi limeshika mkia: madoa meusi, vidukari, kupogoa. Zuri, ila si la mtu mwenye haraka. Oleanda nimeiacha nje kwa makusudi. Huvumilia ukame sana, lakini kila sehemu yake ina sumu.

Ukifika kitaluni, usivutwe na mche mrefu uliojaa maua. Chukua mfupi, mnene. Pindua majani uangalie wadudu, kisha omba uone mizizi: ikiwa imejizungusha kama kamba chini ya kiriba, yaani mfuko wa mche, mche umekaa humo muda mrefu mno.

Na usidanganyike na neno "mvumilivu". Msimu wa kwanza hata mmea wa ukame unahitaji maji, si ya kila mara lakini ya kuzama chini, mpaka mizizi ishuke. Panda mvua zinapoanza, mvua ikusaidie kazi. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 8 hutunza unyevu na kukandamiza magugu. Yasiguse shina, litaoza.