Bologna: pa kulala, kula, kunywa na kununua, kuanzia panapofaa zaidi

Wengi wanaokwenda Italia kwa mara ya kwanza hupanga Roma, Florence na Venice, kisha Bologna wanaiona kupitia dirisha la treni. Mimi ningewashusha hapo. Kutoka Florence kwa treni ya kasi ni chini ya dakika 40, kutoka Milano ni kama saa moja, kutoka Roma ni saa mbili na ushee. Anayetoka Dar au Nairobi anaweza hata kutua hapohapo kwa kupitia Dubai au Istanbul.

Bologna ina jambo moja linalobadilisha hesabu ya safari: vitu vya kutazama karibu vyote ni vya bure. Varanda zake zenye nguzo, jumla kilomita 62, ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021, na hakuna anayekutoza kupita chini yake. Varanda inayopanda hadi kanisa la San Luca ina matao 666. Kinachohitajika ni viatu na pumzi. Minara miwili ya katikati utaitazama kwa nje tu, maana tangu Oktoba 2023 eneo lake limefungwa kwa sababu mmoja wao, Garisenda, unaegemea kupita kiasi. Kwa hiyo hela utakayookoa kwenye viingilio, itumie kwenye chakula. Chumba kiwe cha kawaida.

Pa kulala

Chaguo la kwanza ni mitaa iliyo kati ya kituo cha treni na Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji, kulia na kushoto kwa Via dell'Indipendenza. Treni ndogo ya uwanja wa ndege, Marconi Express, inakufikisha kituoni kwa dakika 7 hivi, halafu unaburuta sanduku chini ya varanda bila kuloa hata mvua ikinyesha. Omba chumba cha upande wa uani, si cha barabarani.

La pili ni Bolognina, nyuma ya kituo. Ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, sasa umejaa wahamiaji, na bei za vyumba zinashuka. Ukitaka bucha ya halali au duka lenye viungo na mchele wa kueleweka, ni huku. Hadi uwanja mkuu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Usiku ukipita karibu na kituo, mkoba uwe mbele yako, kama kwenye kituo chochote kikubwa.

Santo Stefano na Saragozza ni mitaa mizuri na tulivu, ila utulivu huo unaulipia. Naiweka ya tatu. Eneo la Via Zamboni na Piazza Verdi ndilo la chuo kikuu, ambacho kinahesabu umri wake tangu 1088. Wanafunzi wake hawalali, na Via del Pratello nako ni baa tupu. Kwa kijana sawa. Kwa aliyekuja na mama yake, hapana. La mwisho kabisa ni karibu na uwanja wa maonyesho, Fiera, ambako hakuna la kufanya kama hukuja kwa maonyesho.

Maonyesho yenyewe ndiyo adui wa bajeti. Wiki ya Cosmoprof (vipodozi) mwezi Machi, ya vitabu vya watoto majira ya kuchipua, au Cersaie (vigae) mwezi Septemba, chumba kilekile hupanda bei maradufu na zaidi. Angalia kalenda ya Fiera kabla ya kukata tiketi ya ndege. Na kwa kuwa maombi ya viza ya Schengen yanadai uthibitisho wa malazi, chukua hoteli inayokubali kughairi bila kukata hela. Kodi ya mgeni, kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi hulipwa pale hotelini, juu ya bei uliyoiona.

Pa kula

Kwanza jambo la kitimoto, kwa sababu hapa linajificha. Mortadella, soseji nene ya hapa, ni nguruwe, hilo linajulikana. Lakini tortellini, vile vifuko vidogo vya tambi, ndani yake mna nguruwe wa aina tatu: nyama ya mgongo, prosciutto (paja lililokaushwa) na mortadella. Ragù, ule mchuzi wa nyama ambao dunia nzima inauita kwa jina la mji huu, kwa mapishi yaliyosajiliwa mwaka 1982 una pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe. Crescentine, vimkate vya kukaanga, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na unga wa piadina, mkate bapa, mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayohayo, ingawa wapo wanaotumia ya zeituni. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna nyama, uliza «senza maiale e senza strutto?», yaani bila nguruwe wala mafuta yake. Sahani ya kukimbilia ni tortelloni: ndugu wakubwa wa tortellini, ndani wana jibini laini la ricotta, juu siagi na majani ya seji. Si chakula cha kujifariji kwa kukosa kingine. Wapo wenyeji wanaokiagiza kabla ya vyote.

Sasa mpangilio. Nafasi ya kwanza naipa trattoria ya kawaida, yaani mgahawa wa kienyeji, mchana, si usiku. Mchana kunakuwa na watu wa maofisini, sahani za siku huandikwa kwa mkono, na bili huwa nyepesi. Jikoni hufunguliwa kama saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, kisha hufungwa mpaka saa moja na nusu jioni. Ukifika saa kumi utapewa tabasamu tu. Weka nafasi siku moja kabla. Kwenye bili utaona «coperto», yuro mbili au tatu kwa kichwa: ni malipo ya kiti na mkate, wala si bakshishi.

Utaijuaje nzuri? Tafuta dirisha au kona anapofanyia kazi sfoglina, mwanamke wa unga. Anasukuma donge la unga na mayai kama anayesukuma chapati, ila mti wake unakaribia mita moja na shuka la unga linaning'inia nje ya meza. Akimaliza, analikunja, anakata. Tagliatelle, tambi zake pana, zikishapikwa zinatakiwa ziwe na upana wa milimita 8, na si maneno ya mtaani: kipimo chake cha dhahabu kiliwekwa kwenye Chemba ya Biashara ya mji mwaka 1972. Menyu ikiwa na tagliatelle al ragù, kaa. Ikiwa na spaghetti bolognese na picha za rangi, inuka.

Nafasi ya pili ni Quadrilatero, vichochoro vilivyo nyuma ya Piazza Maggiore, ambako maduka ya vyakula yamebanana tangu zama za kati. Hapa unanunua kwa kupimiwa, na neno la kukariri ni «un etto», gramu 100. Bei nyingine zimeandikwa kwa kilo, nyingine kwa etto. Soma herufi ndogo kabla hujanyoosha kidole. Vuta namba yako kwenye kimashine, subiri uitwe. Meza zilizopangwa mbele ya maduka hayo ni habari nyingine: sinia la jibini na nyama baridi lililokatwa vizuri kwa picha, kwa bei ya mlo kamili wa trattoria.

Ya tatu ni Mercato delle Erbe, Via Ugo Bassi, soko la ndani lenye mboga, samaki na vibanda vya kula. Wenye familia na walaji wasiokubaliana watapona hapo. Migahawa iliyotazama Piazza Maggiore moja kwa moja naiweka mwisho bila kusita. Mandhari hayohayo unayapata bure kwenye ngazi za kanisa la San Petronio.

Pa kunywa

Kahawa inywewe kaunta, wima, kwa yuro moja na kidogo. Ukikaa mezani, hasa uwanjani, kikombe kilekile kinaongezewa bei. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako.

Kwa anayekunywa, Osteria del Sole kwenye Vicolo Ranocchi haina mpinzani. Ipo tangu 1465 na haipiki chakula: unakuja na jibini na mkate wako kutoka Quadrilatero, wao wanakuuzia kinywaji tu, na meza ndefu mnachangia na msiowajua. Agiza Pignoletto, mvinyo mweupe wa vilima vya jirani. Asiyekunywa aagize chinotto, soda nyeusi yenye uchungu kidogo, au juisi ya machungwa yaliyokamuliwa mbele yake.

Pa kununua

Cha kwanza ni Parmigiano Reggiano ya miezi 24, iliyofungwa kwa kunyonywa hewa («sottovuoto»). Gurudumu moja la kilo 40 hivi hutumia takriban lita 550 za maziwa. Kipande chako lazima kiwe na ganda lenye nukta zinazounda jina la jibini hilo. Kisicho na ganda unamwamini muuzaji tu. Anayekwepa kimeng'enyo cha ndama ajue kimo humu.

Cha pili ni siki ya zabibu («aceto balsamico») ya Modena, mji wa jirani, na hapa watu wanaliwa hela. Zipo mbili. Yenye alama ya IGP huchanganywa na siki ya mvinyo na hukaa kuanzia siku 60 tu: nzuri kwa kachumbari, na hata supamaketi utaipata. Yenye neno «Tradizionale» na alama ya DOP ni juisi ya zabibu iliyopikwa na kukaa kwenye mapipa miaka 12 au 25, ndani ya kichupa cha duara cha mililita 100. Hiyo ni ghali kweli. Chupa kubwa iliyoandikwa «miaka 12» kwa bei ya soda, iache.

Zawadi za ofisini: chokoleti za Majani, watu walioanza 1796, Cremino yao ya matabaka waliitengenezea kampuni ya magari ya Fiat mwaka 1911. Nguo za bei poa zipo La Piazzola, soko la Ijumaa na Jumamosi kwenye Piazza VIII Agosto. Galleria Cavour, yenye maduka ya kifahari, ni ya kupita tu, na ngozi subiri Florence. Mortadella iliwe hukohuko. Anayerudi Uingereza aache hata jibini, maana tangu Aprili 2025 nyama na maziwa kutoka Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria.

Mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa kodi kwa manunuzi ya zaidi ya yuro 70 kwenye risiti moja. Kwa jibini usihangaike, kodi yake ni 4% tu. Kwa viatu na nguo ni 22%: onyesha pasipoti dukani, dai fomu, na upite forodha kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu ofisa ana haki ya kutaka kuviona.