Upinde wa kompaundi kwa anayeanza: tazama kibandiko kabla ya bei

Malalamiko yanayonifikia kutoka Kisumu, Kakamega na hapa Nakuru yanafanana mno. Mtu amejinyima, ameagiza upinde wa kompaundi kwa simu, umefika kwa basi ndani ya boksi, kisha baada ya kuupiga siku mbili tatu bega linamuuma, upote unamchapa mkono wa mbele na mishale yote inaangukia upande mmoja. Anadhani hajui kulenga. Akiniletea huo upinde nikaupima, nakuta urefu wake wa mvuto, yaani umbali upote unaovutwa hadi mwisho, umefungwa kwenye inchi 30, na mwenyewe mikono yake inataka inchi 27. Nikitafuta skrubu za kubadilisha urefu huo, hazipo. Upinde wa namna hiyo haubadilishiki mpaka ubanwe kwenye presi, mashine inayokunja mabawa ya upinde (sehemu zake mbili zinazojipinda, juu na chini) ili upote ulegee, na kuanzia Nakuru hadi Busia sijakutana na fundi mwenye presi ya upinde.

Ndiyo maana mwongozo huu hautahangaika na rangi, wala kelele, wala mapambo. Nimezipanga pinde kwa swali moja tu: je, mwenye upinde anaweza kuurekebisha na kuutunza akiwa nyumbani kwake Kondele au Njoro, akiwa na funguo za alenki peke yake?

Anayetoka kwenye upinde wa kawaida huona ni ajabu kupigizana kelele juu ya inchi tatu. Waogiek wa Mau na Wakuria wa Migori wamepiga upinde vizazi na vizazi bila kupima chochote, kwa kuwa upinde wa mti huvutwa mpaka pale mkono wako unapoishia. Kompaundi si hivyo. Huu ni upinde wa kamu (vigurudumu kwenye ncha za mabawa) na kebo (kamba zinazoziunganisha), uliobuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza mwaka 1969. Ukiuvuta, mwanzoni unakuwa mzito, halafu kamu zikigeuka uzito unashuka ghafla, na mwisho unagonga ukuta: hauendi tena. Ukuta huo umewekwa na kamu, si na mkono wako. Upinde wa pauni 50, yaani nguvu ya kuuvuta, unaopunguza asilimia 80 unakuachia pauni 10 tu za kushikilia wakati unalenga, na hapo ndipo utamu wote wa kompaundi ulipo. Sasa ukuta ukiwa mbali na mkono wako kwa inchi tatu, unapofika pale kwenye nafuu tayari umeegemea nyuma, kiwiko kimepita bega, na upote umepita kona ya mdomo hadi sikioni. Hakuna mazoezi yatakayoponya hilo.

Kwa hiyo jipime kwanza. Simama ukiwa umeegemea ukuta, nyoosha mikono pande zote mbili bila kujilazimisha, na mtu akupime kwa futi ya fundi nguo kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine. Gawanya kwa 2.5. Mwenye upana wa sentimita 172, yaani inchi 67.7, anapata urefu wa mvuto wa inchi 27 na kidogo. Ukiwa kati ya vipimo viwili, chukua kilicho kifupi. Andika namba hiyo kwenye simu yako, na muuzaji akikuambia "inchi 30 inafaa watu wote," funga mazungumzo.

Pinde nzuri za wanaoanza zina kipande kidogo cha chuma juu ya kamu, wanachokiita moduli. Unalegeza skrubu, unakizungusha hadi herufi au namba inayolingana na urefu wako, unakaza. Dakika kumi, sebuleni. Ule uliotengenezwa bila moduli ya kuzungusha unadai kamu nzima ibadilishwe, maana yake presi. Nimesikia ya watu wanaovua upote kwa kamba za kufungia mizigo, wengine wakimpelekea fundi wa jua kali wa Kibuye awaundie kitu kwa jeki ya gari. Namheshimu sana fundi wa jua kali, lakini usifanye hivyo. Mabawa ya kompaundi yamejikunja hata upinde ukiwa umelala mezani, na yakichomoka yanaweza kukutoa jicho. Kama ni lazima, zipo presi ndogo za mkononi kama Bowmaster, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Ziagize pamoja na vishikio vinavyofaa bawa la upinde wako, kwani mabawa yaliyopasuliwa katikati hayashikwi sawa na bawa zima.

Sasa kibandiko, ambacho watu wengi hawakiangalii kabisa. Kwenye bawa la upinde wowote wa heshima pamebandikwa karatasi yenye uzito wa mvuto, urefu wa mvuto, na muhimu kuliko vyote, urefu wa upote na wa kila kebo. Upote si wa milele. Ukitunzwa vizuri unapiga miaka miwili au mitatu, na ule uzi uliozungushiwa pale kamu inapogusa hulegea mapema zaidi. Joto la Kisumu haliusaidii. Upinde ulioachwa ndani ya gari lililofungwa mchana, upote wake hurefuka kidogo, kamu zinaacha kugeuka pamoja, na mishale inaanza kutawanyika bila sababu unayoiona. Siku ya kubadilisha ikifika, yeyote anayesuka nyuzi, popote duniani, atakuuliza urefu uliomo kwenye kibandiko kile. Upinde usio na kibandiko, au wenye kibandiko kinachosema "30–70 lbs" peke yake, siku upote ukikatika ndiyo mwisho wake. Mwombe muuzaji picha ya bawa kabla hujatuma hata shilingi. Akikutumia picha ya mwanamitindo aliyeshika upinde, tafuta muuzaji mwingine.

Upinde ninaousimamia bila kuficha ni Diamond Infinite Edge Pro. Diamond ni jina la pinde za bei nafuu za Bowtech ya Oregon, na huu waliufikiria kweli. Urefu wa mvuto unatoka inchi 13 hadi 31, uzito kutoka pauni 5 hadi 70, na vyote viwili unavibadilisha kwa alenki bila presi. Maana yake mtoto wa darasa la sita na baba yake wanaweza kuupokezana, na msichana anayeanza na pauni 25 hatanunua upinde wa pili akipata nguvu. Una uzito wa kilo moja na nusu hivi, na huuzwa ukiwa na saiti, kipumzishio cha mshale na podo. Jambo moja la kuzingatia: kamu zake mbili zimefungwa pamoja, hivyo moduli ya juu na ya chini lazima ziwe kwenye alama ileile. Ukisahau moja, ukuta unakuwa laini na upinde unapiga ovyo. Pia fungua boliti za mabawa kwa mizunguko sawa juu na chini, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Marekani nimekuwa nikiuona kati ya dola 350 na 400. Kwa dola ya shilingi 130 hivi hiyo ni elfu arobaini na tano kwenda juu kabla ya usafiri na ushuru, na najua elfu arobaini na tano ni karo ya muhula. Hata hivyo ni bei ya mara moja.

Wa pili ni Bear Cruzer G2. Inchi 12 hadi 30, pauni 5 hadi 70, moduli za kuzungusha, kibandiko kilichoandikwa vizuri. Ukiupata kwa bei ya chini kuliko Diamond, chukua wala usijute. Mimi nauweka wa pili kwa sababu mwenye mikono mirefu sana anayehitaji inchi 31 haumtoshi, na huku magharibi tuna vijana warefu wa kutosha kulifanya hilo liwe jambo.

Kwa shule na vikundi, niweke kando yote niliyosema, kwani hapo wa kwanza ni Genesis. Huu hauna ukuta wala nafuu ya mwisho: uzito unaouweka, kati ya pauni 10 na 20, ni uleule kuanzia mwanzo wa mvuto hadi mwisho. Kwa sababu hiyo mtoto wa inchi 18 na mwalimu wa inchi 29 wanaupiga huohuo bila kugusa skrubu hata moja. Ndio upinde wa mpango wa upigaji mishale mashuleni ulioanzia Kentucky mwaka 2002. Una kamu moja tu, na hakuna moduli ya mtoto kuikosea. Mwalimu mwenye pinde tano za Genesis anafundisha darasa zima. Kwa mtu mzima anayetaka kufika mita 50 haumfikishi, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia.

Wa nne ni Sanlida Dragon X8 kutoka China, inchi 18 hadi 31, hadi pauni 70. Ni upinde halisi wenye moduli ya kuzungusha, na kwa asiyefika bei ya Diamond ni chaguo la haki. Topoint, watengenezaji wengine, nao wanatengeneza vizuri kwa pesa hiyohiyo. Agiza upote wa akiba pamoja na upinde, kwenye mzigo mmoja.

Zile za elfu kumi na tano zisizo na jina, zenye picha ya simba kwenye boksi: hapana.

Na hapa lazima niseme juu ya wauzaji, kwa kuwa nimechoka kwa niaba ya watu. Kwanza hii tabia ya kuficha bei. Mtu anaweka picha ya upinde mtandaoni, unauliza bei mbele ya kila mtu, anakujibu "njoo inbox". Huko inbox, wa Nairobi anapewa bei yake na wa Eldoret bei nyingine, na ukisema uko Kisumu inaongezwa "gharama ya kuseti" ambayo hakuna aliyeiseti. Bidhaa imelipiwa VAT ya asilimia 16 ilipoingia, sawa, tunaelewa. Lakini andika bei. Pili ni hii sifa ya kasi. Wanatangaza futi 310 kwa sekunde kana kwamba ni zako. Namba hiyo hupimwa kwa upinde wa pauni 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo cha uzito wa mshale). Kila inchi unayopunguza huondoa futi 10 hivi, na uzito ukishuka hadi pauni 45 kasi inashuka tena. Mwenye inchi 27 hataiona 310 maishani, wala haihitaji kutoboa karatasi.

Tatu, kumsukumia anayeanza pauni 70. Shirikisho la World Archery halimruhusu mpigaji wa kompaundi kuvuka pauni 60 hata kwenye mashindano ya dunia, sasa mtu wa Nakuru anayeanza ana kazi gani na 70? Mtu mzima aanze na 30 hadi 40. Ukikaa kwenye kiti, ukaelekeza upinde mbele na kuuvuta bila kuunyanyua juu angani, uzito huo ni wako. Ukilazimika kuuelekeza mawinguni ili uuvute, punguza. Kompaundi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, timu ya mwanamume na mwanamke, na ningependa sana kuona kijana wa huku akilenga mita 50. Hatafika huko na bega lililochanika.

Wachache huniuliza kama wanaweza kwenda nao porini. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, hata dikdik. Piga kwenye shabaha ya magunia yaliyojazwa matambara na kushindiliwa hadi yawe magumu, nyuma yake pawe na kingo ya udongo, si ua wa michongoma wa jirani.

Neno kwa wanaotumia mkono wa kushoto: kompaundi haigeuzwi, hivyo amua kabla ya kuagiza. Na amua kwa jicho. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia humo, kisha funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo la kulengea.

Usiachie upote bila mshale. Hata mara moja. Nguvu ambayo mshale ungeibeba inarudi kwenye mabawa na kamu, na inaweza kuyapasua papo hapo. Mshale mwepesi kupita kiasi hufanya karibu hivyohivyo: hesabu angalau greni 5 kwa kila pauni, kwa hiyo upinde wa pauni 40 unataka mshale usiopungua greni 200, gramu 13 hivi. Na mshale wa mti, hata uliochongwa na mzee anayeijua kazi yake Kuria, usiupachike kamwe kwenye kompaundi. Mshale wa mti haukuumbwa kwa msukumo ule. Unapasuka ukiwa bado kwenye upinde na vipande vinaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Nunua sita za kaboni zenye ugumu uliotajwa kwa uzito na urefu wako wa mvuto; kwa pauni 40 na inchi 27 mara nyingi ni namba 500. Kabla ya kila kipindi shika kila mmoja ncha mbili, uukunje kidogo huku ukiuzungusha karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, au kucha ikinasa kwenye ufa, uvunje vipande viwili hapo hapo, ili anayekuja nyuma yako asiuokote na kuupiga.