Fundi wa spidomita aliyenisukumisha gari kwanza

Nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibana nitaieleza. Ninayoisifu hapa ni karakana ndogo ya kutengeneza geji za magari ya zamani, inayopokea kazi kwa posta. Gari langu ni MGB, lile la wazi lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya mwaka 1962 na 1980. Spidomita yake ni ya kampuni ya Smiths, ya mitambo mitupu. Umeme wake ni wa taa ya kumulika uso basi.

Tatizo lilikuwa hili: mshale ukisimama kwenye maili 60 kwa saa, GPS ya simu inasema 52. Nilishaandaa boksi la kuituma. Wakanijibu kwamba hawapokei geji mpaka nijaze fomu yao, na fomu yenyewe huwezi kuijaza ukiwa umekaa kitini.

Swali la kwanza: odomita, yaani kihesabu cha maili, nayo inadanganya? Nililiona la ajabu hadi niliposoma maelezo yao. Ndani ya spidomita mna mashine mbili. Odomita inazungushwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye waya unaotoka giaboksi. Mshale haujashikana na waya huo hata kidogo: kuna sumaku inayozunguka, inakivuta kikombe cha alumini bila kukigusa, na springi nyembamba mno inakizuia kisizunguke chote. Basi odomita ikisema kweli na mshale ukasema uongo, mgonjwa ni geji. Zote mbili zikikosea kwa kiasi kilekile, geji iache ilivyo, uangalie tairi na difu (gia zinazogawa mwendo kwa tairi mbili za nyuma), au uulize kama geji hiyo ilitoka kwenye gari jingine. Aliyevua tairi za 165/80 R14 akavalisha 185/60 R14 kwa ajili ya urembo amepunguza kipenyo kwa karibu asilimia 7, na spidomita itamzidishia mwendo hata iwe imetoka kiwandani leo. Odomita yangu ilikwenda sambamba na simu kwa maili 10 nzima.

Swali la pili ndilo la kusukuma. Kwenye uso wa geji, chini, kuna namba ndogo ambayo wengi tunaipita. Yangu ni 1280: mizunguko ambayo waya unatakiwa kufanya kwa kila maili moja. Unafungua waya nyuma ya geji, unabandika kikaratasi kwenye ncha ya waya wa ndani kiwe bendera, unaweka gia huru, kisha gari linasukumwa taratibu mita 16.1, yaani sehemu moja ya mia ya maili. Bendera inapaswa kuzunguka mara 12 na kitu, karibu 13. Shemeji alisukuma, mimi nimejikunja chini ya dashibodi nahesabu kwa sauti, naye anauliza kama kweli hakuna programu ya simu inayofanya kazi hii. Hesabu ikakubali. Wametoa na onyo zuri: ukikwepa kusukuma kwa kuinua tairi moja ya nyuma kwa jeki na kuizungusha kwa mkono, difu itakugawia, waya utazunguka nusu tu, utajiona una gari la ajabu.

La tatu lilikuwa fupi: ncha ya waya ni kavu au ina oili? Yangu ilikuwa inang'aa kwa oili. Hapo ndipo waliponishinda, maana walitaja ugonjwa kabla hata ya kuishika geji. Sili, kile kizuizi cha oili, ya kigia cha spidomita kule giaboksi imechoka. Oili inapita, na kwa kuwa waya wa ndani umesokotwa, kila ukizunguka unaipandisha juu kama parafujo. Ikifika kwenye geji inakaa kati ya sumaku na kikombe, kikombe kinaburutwa kuliko inavyotakiwa, mshale unapanda. Grisi nyingi hufanya hayohayo, ndiyo maana sentimita 20 za mwisho za waya huachwa bila grisi. Wakasema nibadilishe sili kwanza, la sivyo kazi yao itaharibika tena. Sili hawauzi wao.

Geji ilirudi safi, ikiwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono: usomaji wa 30, 50 na 70 kabla na baada. Barabarani sasa mshale ukiwa 60, simu inasema 58 au 59, na mshale umetulia.

Nyota niliyobana: mshale wameupaka rangi upya bila kuulizwa, na ni mweupe kuliko wa geji ya mizunguko ya injini iliyo jirani yake. Jicho langu linaenda hapo kila nikiwasha taa. Barua pepe zinajibiwa kwa raha zao. Na ile nati ndogo ya waya wa kurudisha tripu (kihesabu cha safari moja) sifurini haikurudi na geji.

Kama mshale wako unacheza badala ya kukosea, wala usiwatumie kitu bado. Fuata waya wote, uone haujakauka wala kukunjwa kona kali. Upinde usiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 15. Mwenye Triumph Spitfire akague pia kile kigia cha pembe kinachofungwa kwenye giaboksi, maana kina sifa mbaya ya kukatika.

Sili nimebadilishiwa na fundi wangu wa kawaida, na ncha ya waya bado ni kavu. Kuhusu nati nimewaandikia, nasubiri.