Sakafu ya miguu ya Land Rover 109: kabla hujainunua, tazama hapa

Habari zenu watazamaji, karibuni Mikindani. Gari hili nyuma yangu ni la babu, Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Limeshusha korosho kutoka Newala mpaka Mtwara mjini tangu sijazaliwa, na sikubali life kwa kutu.

Mtaani utaambiwa Land Rover haishiki kutu kwa sababu ni alumini. Madigadi, ndiyo. Mwaka 1948 walianza na alumini kwa kuwa Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha kugawiwa. Lakini ukuta huu wa mbele, unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni chuma kitupu. Kwa upepo wetu wa bahari, hapa ndipo panapooza kwanza. Babu alikuwa anaiona barabara katikati ya pedali.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni sakafu ya miguu ya upande wa dereva, kipande cha chini cha ukuta huo, inakuja imeshakunjwa. Nimeipima bati lake, milimita 1.2. Kwa unene sina ugomvi nayo. Matundu ya boliti za pedali yamekaa sawasawa.

Sogeza kamera hapa. Mnauona huu ukingo wa kuchomelea? Ulitakiwa ukunjwe kona kamili, wao wameuacha wazi. Nilipouegemeza kwenye nguzo ya mlango, chini pakabaki mwanya wa kupitisha kidole. Nyundo na kipande cha reli vilimaliza kazi, ila ungeng'ang'ania kuziba mwanya ule kwa moto, ungeharibu kila kitu. Na rangi hii nyeusi isikudanganye. Tambara lenye thina limeitoa yote. Ni rangi ya safarini tu, ikwangue, upake praima ya zinki.

Kabla ya cheche yoyote, chomoa betri na utoe tangi la mafuta. Kwenye gari hili lipo chini ya kiti, jirani kabisa na unapochomelea. Hapo sitanii na mtu.

Halafu ning'iniza mlango. Narudia, mlango uwe mahali pake kabla hujachomelea. Bana sakafu kwa plaizi, funga mlango, fungua, angalia mwanya juu na chini. Mimi natumia migi, mashine ya kuchomelea inayojilisha waya, waya wa milimita 0.6, moto mdogo: nukta moja huku, nyingine kule, nasubiri papoe hadi kiganja kivumilie. Mara ya kwanza niliharakisha, nikavuta mshono kama sentimita nane kwa mkupuo. Bati likajikunja, mlango ukagonga chini. Nilikata kwa grenda nikaanza upya, siku nzima imepotea.

Mishono ikipoa, ziba kwa mastiki juu na chini. Na pale digadi la alumini linapokutana na chuma, weka mpira katikati. Vikigusana na maji ya chumvi yakaingia, alumini inaliwa mpaka inakuwa unga mweupe, kama huu hapa.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa fundi mwenye nyundo na subira. Kama fundi wako anataka kuipachika moja kwa moja kutoka kwenye boksi, usimpe.

Sikilizeni mlango… Umeingia wenyewe. Babu, njoo ujaribu kukaa.