Tvheadend na Kodi: Kipindi Kinarekodiwa Mara Moja, Kinatazamwa Chumba Chochote

Kwa miaka kadhaa kifaa chetu cha kurekodia kilikaa sebuleni chini ya runinga kubwa, na kila kilichorekodiwa humo kilibaki sebuleni. Mama yangu, ambaye ana runinga yake chumbani, alilazimika kusubiri mpira uishe na watoto watoke ndipo aje kuangalia tamthilia iliyorekodiwa tangu juzi. Kifaa chenyewe hakikuwa kibaya. Kilichokosekana ni njia ya kukifanya kiwe cha nyumba nzima badala ya kuwa cha chumba kimoja. Kwa sababu hiyo nilihamia kwenye Tvheadend, programu huria isiyolipiwa ambayo huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa seva ya televisheni, yaani kompyuta inayohudumia runinga nyingine za nyumbani, nikaiunganisha na Kodi, programu ya kuchezea video, katika runinga tatu, na sasa nimeitumia kwa mwaka mmoja na nusu.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kompyuta ya zamani inayotumia Linux imewekwa karibu na mahali waya wa antena unapoingilia, ikiwa na tyuna mbili, yaani vifaa vya kunasa matangazo, za kuchomeka kwa USB na diski ya TB 2. Tvheadend hukaa kwenye kompyuta hiyo, hupokea matangazo, husoma ratiba ya vipindi inayorushwa pamoja nayo, na hurekodi inachoagizwa. Kila runinga ina Kodi, iliyowekewa kiungo maalumu cha kuzungumza na Tvheadend kupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo mtazamaji haoni kompyuta wala haihitaji; anaona orodha ya chaneli, ratiba na rekodi, na anatumia rimoti kama kawaida.

Jambo lililonivutia kuliko yote linahusu tyuna, na wanunuzi wengi hawalijui. Katika matangazo ya kidijitali chaneli haisafiri peke yake: chaneli kadhaa hufungwa pamoja na kurushwa katika masafa yale yale, na tyuna moja ikishanasa masafa hayo hupokea fungu zima. Vifaa vingi vya dukani hutoa chaneli moja kutoka katika fungu hilo na kuziacha nyingine zipite bure. Tvheadend haifanyi hivyo. Ikiwa taarifa ya habari, kipindi cha watoto na tamthilia vipo katika chaneli tatu za fungu moja, tyuna moja inatosha kurekodi viwili na kuonyesha cha tatu moja kwa moja chumbani, vyote kwa wakati mmoja. Tyuna ya pili inahitajika pale tu mtu anapotaka chaneli iliyo katika fungu jingine. Ndiyo maana kwa tyuna mbili watu watano wa nyumbani kwetu hawajagombania chaneli zaidi ya mara chache, na kabla ya kununua tyuna ya tatu ningemshauri mtu yeyote achunguze kwanza chaneli anazozipenda zimepangwa katika mafungu gani.

Aidha, matangazo huhifadhiwa kama yalivyorushwa, bila kubanwa upya. Picha ya rekodi inakuwa ile ile ya matangazo, na kompyuta haifanyi kazi nzito, hivyo hata mashine ya miaka mingi inaimudu. Gharama yake ni nafasi ya diski: chaneli ya HD inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hula takribani GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo TB 1 hutosha saa 270 na kidogo. Unaweza kuiagiza programu ihakikishe kiasi fulani cha diski kinabaki wazi, na kuzitenga rekodi zinazoruhusiwa kufutwa nafasi inapohitajika na zile zisizoguswa kamwe.

Lazima niseme wazi kwamba kuiweka si kazi nyepesi. Ukurasa wake wa usimamizi, ambao hufunguliwa kwa kivinjari kwa anwani ya kompyuta hiyo ikifuatwa na namba ya mlango (port) 9981, umejaa vichupo na majedwali yaliyoandikwa kwa mtu anayejua tayari tofauti kati ya mtandao, masafa, huduma na chaneli. Kutafuta masafa ni hatua moja, kuzigeuza huduma zilizopatikana, yaani matangazo yaliyonaswa, kuwa chaneli ni hatua nyingine, na kuipa kila runinga jina la mtumiaji lenye ruhusa zinazofaa ni hatua ya tatu. Ukiruka mojawapo, Kodi huonyesha orodha tupu. Mimi ilinichukua siku mbili za mapumziko. Naamini waandishi wa programu hii wangeweza kuwasaidia watu wengi kwa maelezo mapana zaidi ya mwongozo mfupi wa hatua kwa hatua wa kuanzia, kwa kuwa kilichofichwa nyuma ya ugumu huo kina thamani kubwa mno.

Kanuni za kurekodi zenyewe ni bora. Unaandika jina la kipindi, unachagua chaneli na saa kama unapenda, na kila kipindi chenye jina hilo kikitokea kwenye ratiba hurekodiwa bila kukumbushwa. Hata hivyo ratiba ni ahadi tu. Mwezi wa kwanza tulirekodi mechi ya mtoano ambayo iliingia muda wa nyongeza, na rekodi ikakatika mpigaji akiwa ameuweka mpira kwenye alama ya penalti, akirudi nyuma hatua tatu. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sehemu ya kuongeza dakika za kabla na za baada ipo, nami nilikuwa nimeiacha tupu. Sasa nimeweka dakika 3 mwanzoni na 10 mwishoni kwa kila kitu, na dakika 60 kwa mechi zote.

Kuhusu kutazama chumba hadi chumba, hapo ndipo mpangilio huu unapostahili sifa zangu zote. Mahali ulipoachia hutunzwa kwenye seva, si kwenye runinga, kwa hiyo filamu iliyosimamishwa sebuleni huendelea chumbani kutoka sekunde ile ile, na kipindi kilichokwisha kutazamwa huwekewa alama katika runinga zote. Unaweza pia kuanza kuangalia kipindi kingali kinarekodiwa. Mama hufika kipindi kikiwa kimeshaenda kwa saa nzima, anabonyeza kitufe cha kati cha rimoti, Kodi inamuuliza aendelee au aanze mwanzo, naye anaanza mwanzo. Jioni ya kwanza aliponiita nilidhani kuna kitu kimeharibika. Alikuwa ameisimamisha picha, uso wa mwigizaji umejaa kioo chote, akaniuliza, "Mwanangu, nikienda kuswali nitaikuta hapa hapa?" Nikamjibu kwamba ataikuta, na aliikuta.

Mtandao ndio uliotusumbua. Runinga tatu zikicheza HD kwa pamoja hazizidi megabiti 24 au 30 kwa sekunde, kiasi ambacho waya wa mtandao wa megabiti 100 hukibeba bila shida, lakini Wi-Fi yetu ilipokutana na kuta mbili na kabati la chuma ilishuka na kupanda, na picha katika chumba cha mwisho ikawa inaganda kila dakika chache. Nilihangaika na mipangilio ya programu kwa wiki nzima kabla ya kuvuta waya, na tangu siku hiyo haijaganda tena. Anayeanza leo na avute waya kwanza, angalau kati ya kompyuta na ruta.

Chaneli za kulipia zilizofungwa kwa kadi sizihesabu hapa. Mpangilio huu unafaa hasa kwa nyumba inayotegemea chaneli za bure za antena au za dishi. Vilevile kompyuta lazima iwe inawaka au iweze kujiwasha kabla ya saa ya kurekodi, na umeme ukikatika katikati ya kipindi, sehemu hiyo imepotea.

Nimejaribu pia programu mbili nyingine za kazi kama hii. Plex ina sura nzuri na ni rahisi zaidi, ila kurekodi televisheni kunahitaji usajili wa kulipia. Jellyfin, iliyochipuka kutoka programu nyingine iitwayo Emby mwaka 2018, ni ya bure na inapendeza sana kwa filamu ulizonazo, lakini haiendeshi tyuna za USB yenyewe, inahitaji tyuna ya mtandao au orodha ya chaneli kutoka kwingine. Nyumbani kwetu orodha hiyo hutolewa na Tvheadend, kwa hiyo binti yangu hutazama rekodi kwa Jellyfin kwenye simu yake, ambako Kodi humpa tabu kwa vitufe vyake vidogo, na runinga zote tatu zimebaki na Kodi.