Visahani vya Dipsy Diver: mishipi minne ya kurambaza kwenye boti ndogo

Kwa mwenye boti ndogo anayevua samoni katika Ziwa Michigan, Marekani, kwa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, ambaye hajamudu winchi za kuteremsha mishipi kwa mzigo wa risasi, kisahani cha Dipsy Diver ni ununuzi wa busara. Chubwi nzito nayo huzamisha chambo, lakini chambo hicho hubaki nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti), na mshipi wa pili ukiongezwa karibu yake husokotana nao boti inapokata kona. Kisahani hiki, kinachofungwa kwenye uzi mbele ya chambo, huzamisha chambo na papo hapo kukisukuma kando, na hapo ndipo fedha yako inapofanya kazi.

Chini yake kuna bamba linalozunguka, lenye namba 0 hadi 3 kwa kila upande. Kwenye 0 kisahani hushuka moja kwa moja. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kinavyokwenda mbali zaidi na boti, ingawa kina hupungua. Mimi huweka mishipi miwili kila ubavu: wa nje kwenye namba 3, fimbo yake ikiwa kwenye kishikio cha mbele, na wa ndani kwenye namba 1, karibu na tezi. Wa nje hutangulia majini. Kabla ya kuachia, tazama bamba limegeuzwa upande gani, kwani kisahani cha kulia kikitegwa kama cha kushoto hupita chini ya boti na kuivuruga mishipi ya ng'ambo.

Samaki akishika, kifyatuo (kibanio kinachokishikilia kisahani katika mkao wa kuzama) huachia, kisahani hulala na kuacha kuvuta, na samaki wa mshipi wa nje hurudi nyuma akipita juu ya mishipi ya ndani, ambayo iko chini zaidi. Ndiyo maana boti inaweza kuendelea na mwendo wake wa maili 2 hadi 3 kwa saa bila kukunja uzi wa fimbo nyingine. Hayo yote hutegemea skrubu ndogo ya kifyatuo: ikikazwa mno, samaki mdogo huburutwa bila wewe kujua, ikilegezwa mno, wimbi tu hukifyatua. Tumia uzi wa kusuka, kwa kuwa nailoni ya kawaida hunyumbuka na mvuto wa kukifyatua haukifikii kisahani mshipi ukiwa mrefu.

Kasoro ipo. Kisahani kikubwa huvuta kwa nguvu sana, hivyo fimbo nyepesi haikifai, na rili isiyo na kihesabu uzi hukuacha ukibahatisha kina. Jedwali la kina linaloambatana na kisahani ni la kukuelekeza tu, kwa maana unene wa uzi na mwendo hubadilisha kina. Uzi wa kutoka kwenye kisahani hadi chambo usizidi urefu wa fimbo, kwa sababu kisahani hakipiti kwenye ncha yake, na samaki atabaki mbali na wavu wa mkono.

Kona zikatwe kwa upana. Mishipi ya ubavu ulio ndani ya kona hupunguza kasi na ya ubavu ulio nje huongeza, na fimbo ikiinama hapo, upande ilikoinama hukueleza kama samaki wanataka mwendo wa taratibu au wa haraka. Sheria ya jimbo la Michigan huruhusu mishipi mitatu kwa mvuvi mmoja, kwa hiyo wawili wanaweza kutega sita. Kwenye boti ya futi 18, mimi ningekomea minne.